Mahakama ya Upeo ya Kenya: maswali yanayorudi kila mara

Uchaguzi ukiisha, maswali huanza. Sheria ya kodi ikifika kortini, yanarudi yaleyale. Nimeyakusanya hapa yale ambayo ndugu, jamaa na watu nisiowajua huniuliza kuhusu mahakama iliyo juu ya nyingine zote nchini Kenya. Mimi si wakili. Ni mfuatiliaji tu wa hukumu, na mahali pengine nitasema ninavyoona mimi.

Mahakama ya Upeo, Mahakama ya Juu, Mahakama Kuu: ni kitu kimoja?

Mbili za kwanza ni moja, ya tatu ni nyingine kabisa. Mahakama Kuu iko chini, juu yake kuna Mahakama ya Rufaa, na kileleni ndipo ilipo Mahakama ya Upeo, ambayo watangazaji wengine huiita Mahakama ya Juu. Mkanganyiko huo una gharama yake. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu akisimamisha jambo, utaona watu wanasambaza kwamba "mahakama ya mwisho imeamua", kumbe kuna ngazi mbili za rufaa bado hazijapandwa. Ukisoma habari ya kesi, tafuta kwanza jina la mahakama.

Kabla yake nani alikuwa na neno la mwisho?

Wakati wa mkoloni, na miaka michache baada ya uhuru, kesi ziliweza kufika hadi London. Kisha ikawa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyoanguka pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na Kenya ikaunda yake ya Rufaa. Hiyo ndiyo iliyokaa juu hadi Katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010.

Ukitaka kujua kwa nini Wakenya walidai mahakama mpya, tazama kesi mbili. Kenneth Matiba, mgombea wa upinzani, alipinga ushindi wa Rais Moi wa 1992. Alikuwa amepigwa na kiharusi tangu alipokuwa kizuizini, kwa hiyo mkewe akamtilia sahihi kwa idhini ya kisheria. Kesi ikatupwa kwa sababu hakutia sahihi kwa mkono wake. Mwai Kibaki naye akapinga uchaguzi wa 1997, na kesi yake ikafia kwenye hoja kwamba Rais hakukabidhiwa karatasi za kesi ana kwa ana. Sasa jiulize, nani angempenya mlinzi wa Ikulu akamkabidhi Rais bahasha mkononi? Katika kesi zote mbili hakuna jaji aliyefika kwenye swali la nani alipata kura ngapi.

Kwa hiyo Desemba 2007, Kibaki alipotangazwa mshindi wa urais na upande wa mpinzani wake Raila Odinga ukaambiwa uende kortini, ulikataa waziwazi. Haukuiamini korti. Yaliyofuata kila mtu anayakumbuka: zaidi ya watu 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, hadi Kofi Annan alipowapatanisha Kibaki na Raila mwishoni mwa Februari 2008. Mahakama ya Upeo ilizaliwa kutokana na majivu hayo.

Majaji ni wangapi, na ni nani huwaweka?

Saba: Jaji Mkuu, ambaye ndiye rais wa mahakama hii, naibu wake, na wengine watano. Ili kesi isikilizwe lazima wawepo angalau watano. Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) huwahoji waombaji hadharani, mbele ya kamera, kisha hupendekeza majina na Rais huyateua. Jaji Mkuu na naibu lazima wapitie Bunge la Taifa pia. Jaji hustaafu akiwa na miaka 70, na Jaji Mkuu hawezi kukaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka 10.

Tangu 2011 wamepita Willy Mutunga, kisha David Maraga, na kuanzia Mei 2021 Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Kesi yangu ya shamba inaweza kufika huko?

Inaweza, lakini usiweke matumaini. Mlango hufunguka kwa njia mbili: kesi yako iwe inahusu tafsiri au matumizi ya Katiba, au ipewe kibali kwamba ina jambo lenye uzito kwa umma mzima. Kwamba jirani amesogeza mpaka hatua tatu ni uchungu wako wewe, na safari yako itaishia Mahakama ya Rufaa. Serikali ya kitaifa, asasi za dola na kaunti zina njia ya ziada: zinaweza kuomba maoni ya ushauri kuhusu masuala ya kaunti kabla ya kugombana.

Mbona kesi ya urais huamuliwa haraka hivyo?

Katiba imesema. Matokeo yakitangazwa, una siku 7 za kufungua kesi, na majaji wana siku 14 za kuisikiliza na kuiamua. Wakibatilisha uchaguzi, mwingine hufanyika ndani ya siku 60. Waliotunga walikumbuka kesi za zamani zilizokokotwa miaka hadi rais akakaribia kumaliza muhula. Lakini haraka nayo ina hasara: mwaka 2013 upande wa Raila ulileta hati ndefu ya kiapo yenye ushahidi wa ziada, majaji wakaikataa kwa kuwa ilichelewa. Uhuru Kenyatta alikuwa ametangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Ikazuka hoja kama kura zilizokataliwa zihesabiwe katika kutafuta asilimia hiyo, maana zikiingizwa kwenye hesabu, huenda angeshuka chini ya nusu. Majaji sita kwa sauti moja wakasema hazihesabiwi, na ushindi ukasimama tarehe 30 Machi 2013.

Raila alisema hakubaliani nao lakini atatii. Kuna wanaosema hapo ndipo mahakama ilipojijengea heshima. Wengine, na wengi wao ni mawakili, wanasema hukumu ile ilikuwa nyembamba mno kwa jambo zito vile. Naona wote wana haki.

2017 kulitokea nini hasa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulichukue polepole.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikamtangaza Uhuru kwa asilimia 54.27, mbele ya Raila kwa kura zipatazo milioni 1.4. Hata waangalizi wa kimataifa walikuwa wamesema mambo yalikwenda vyema kwa jumla. Raila awali alisema haendi kortini, akabadili nia, akaenda.

Jambo lenyewe lilikuwa makaratasi. Kila kituo cha kupigia kura hujaza Fomu 34A, zile za vituo zinajumlishwa kwenye 34B ya eneo bunge, na mwisho hutoka 34C ya taifa. Walalamishi walisema matokeo yalitangazwa kabla ya fomu zote za vituo kupatikana, na kwamba fomu nyingine hazikuwa na alama za usalama. Mahakama ikaamuru IEBC ifungue mitambo yake ya kompyuta ichunguzwe. IEBC haikutii ipasavyo. Majaji wakafanya anachofanya mzazi mtoto akikataa kufungua kiganja: wakachukulia kwamba kuna kitu kimefichwa.

Tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne kwa wawili walibatilisha uchaguzi: Maraga, Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola upande mmoja, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u upande mwingine. Jaji wa saba, Mohammed Ibrahim, alikuwa mgonjwa. Haikuwahi kutokea Afrika mahakama kumwondolea ushindi rais aliye madarakani.

Kiini cha hukumu ni hiki, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Walio wengi walisema uchaguzi si siku moja ya kupiga kura, ni mwendo mzima tangu kuandikisha hadi kutangaza. Mwendo ukiwa umevunja Katiba, huhitaji kwanza kuthibitisha kwamba idadi ya kura ingebadilika. Waliotofautiana nao walisema: tuonyesheni kwamba nia ya mpiga kura ilipotoshwa, karatasi zenyewe zipo, zihesabiwe. Mimi nilisoma maoni ya Njoki Ndung'u nikitaraji kukasirika, nikakuta hoja ambazo bado hazijajibiwa vizuri.

Kwa hiyo mahakama ilisema Raila alishinda?

Hapana. Wala haikusema Uhuru aliiba. Ilisema wazi kwamba yeye binafsi hakuthibitishiwa kosa.

Rais alichukuliaje?

Alihutubia taifa akasema hakubaliani lakini anaheshimu uamuzi. Saa chache baadaye, kwenye soko la Burma jijini Nairobi, aliwaita majaji "wakora". Bunge nalo likapitisha marekebisho ya sheria za uchaguzi kabla ya marudio.

Kisha ikaja Oktoba, ambayo watu huisahau wakisimulia ushujaa wa Septemba. Raila akajiondoa. Wapiga kura wengine wakaomba uchaguzi wa marudio, uliopangwa tarehe 26, usimamishwe, na kesi ikapangiwa kusikilizwa siku moja kabla. Jioni ya kuamkia kesi, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Asubuhi wakafika majaji wawili tu, Maraga na Lenaola, na watano hawakutimia. Uchaguzi ukaendelea, Uhuru akapata asilimia 98 katika uchaguzi ambao nusu ya nchi ilisusia. Novemba 20 mahakama hiyohiyo, safari hii kwa sauti moja, ikaukubali.

Hukumu ile ilibadilisha chochote?

Ilibadilisha tabia ya tume. Mwaka 2022 IEBC iliweka Fomu 34A kwenye tovuti, wazi kwa kila mtu, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Vijana wakajumlisha wenyewe nyumbani, kila chombo cha habari kikawa na hesabu yake. Hakuna mbunge aliyeshinda hoja hiyo bungeni. Ni woga wa kubatilishiwa tena.

Basi William Ruto alipotangazwa kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, na makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo, kesi ilikuwa ngumu kwa walalamishi kuliko ya 2017, maana kila mmoja alikuwa na fomu. Korti ilichunguza ikakuta zile za tovuti na zile zilizoletwa Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, zinalingana. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba wakaukubali ushindi. Kuhusu baadhi ya ushahidi walitumia msemo wa Kiingereza uliotafsiriwa redioni neno kwa neno kama "hewa moto". Mswahili angesema porojo tupu.

BBI iliishaje?

Ukumbuke ilikotoka: hukumu ya Septemba ilizaa marudio, marudio yakazaa Raila kujiapisha Uhuru Park mnamo Januari 2018, na hilo likazaa salamu za mkono za Machi 9 kati ya Uhuru na Raila. BBI (Building Bridges Initiative), mpango wao wa maridhiano, ni mtoto wa salamu hizo. Mabadiliko ya Katiba yaliyokusudiwa yangeleta waziri mkuu na maeneobunge 70 mapya. Mahakama Kuu ikayazima Mei 2021, ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti, na Mahakama ya Upeo ikatoa la mwisho tarehe 31 Machi 2022.

Wengi wanakumbuka tu kwamba "BBI ilianguka". Ilianguka, kwa kuwa Rais hawezi kuvaa kanzu ya mwananchi wa kawaida akaanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyowekewa raia. Lakini mahakama ilikataa pia nadharia ambayo mahakama za chini zilikuwa zimeikumbatia, kwamba kuna nguzo za Katiba zisizoguswa isipokuwa kwa utaratibu maalumu mno. Ikasema pia Rais hashtakiwi kwa kesi ya madai akiwa madarakani kwa anayofanya chini ya Katiba. Kwa hiyo mwanasiasa anayepanga kubadilisha Katiba kesho aliondoka na ramani ya njia. Waliosherehekea siku ile hawakusoma hadi mwisho.

Mahakama haina polisi wala jeshi. Ikipuuzwa?

Hupuuzwa. Katiba inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Desemba 2012 majaji walio wengi walishauri kwamba kwa Bunge jambo hilo lije hatua kwa hatua, lakini sheria iwe imetungwa kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Mutunga peke yake alitaka litekelezwe mara moja. Tarehe ikapita. Septemba 2020 Maraga, akiwa Jaji Mkuu, akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Ushauri huo ukasimamishwa na Mahakama Kuu, Rais hakuvunja kitu, wabunge wakamaliza muhula wao na mishahara yao.

Ina maana gani kwa mtu asiyefuata siasa?

Maana kubwa, kwa sababu inayoyasema huzifunga mahakama zote za chini. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, ilisema si halali kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kumsikiliza kuhusu hali yake. Wafungwa wakaanza kumiminika kortini kuomba hukumu mpya, hata waliofungwa kwa ujambazi wa mabavu na makosa ya kingono. Julai 2021 ikabidi mahakama iseme tena: tulizungumzia mauaji tu.

Januari 2023 ilizungumzia mali ya wanandoa wanaoachana. Haigawanywi nusu kwa nusu kama mkate, kila mmoja huonyesha alichochangia, ikiwemo kazi ya nyumbani na malezi. Vijiwe vya wanaume vilishangilia kana kwamba wake wamepokonywa kila kitu. Hawakusikia sehemu ya pili ya sentensi.

Kwetu Pwani, iliyogusa zaidi ni ya Juni 2025, kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo pekee. Katiba inaruhusu sheria ya Kiislamu kutofautiana na kanuni ya usawa mbele ya kadhi, ila kwa kiasi kile tu kinachohitajika, na majaji wakaona kuwatenga watoto kumevuka kiasi hicho. Masheikh walipinga, kwa hoja za fiqhi ambazo si za kubezwa. Bado haijaeleweka vizuri kadhi atafanyaje siku mirathi kama hiyo ikiletwa mezani kwake.

Mbona hukumu nyingine huwasha moto mitandaoni?

Mara nyingi ni kwa sababu kinachojadiliwa si kilichoamuliwa. Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, mahakama ilisema bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilibagua kwa kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Swali lilikuwa haki ya kujumuika. Vifungu vya sheria ya jinai vinavyoharamisha vitendo vyenyewe havikuguswa. Hata hivyo mimbarini, madhabahuni na bungeni ilisomwa kama kwamba korti imefungisha ndoa.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilifuata njia nyingine. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Julai 31, 2024, wiki chache tu baada ya vijana kuingia Bunge wakipinga mswada wa mwaka uliofuata. Watu wakaona korti na barabara zimesema neno moja. Oktoba 29 Mahakama ya Upeo ikairudisha: Bunge si lazima lirudi kwa wananchi kwa kila rekebisho linalotokana na maoni yao wenyewe. Kisheria naielewa hoja. Lakini aliyekuwa akijaza mafuta kwa kodi ya asilimia 16 badala ya 8 hakuwa na haja ya kuielewa.

Na majirani?

Uganda ina Mahakama ya Upeo yake iliyosikiliza kesi za urais mara kadhaa. Mwaka 2001 majaji watatu kwa wawili, na 2006 wanne kwa watatu, waliona kasoro lakini wakasema hazikutosha kubadili matokeo. Ndiyo njia ambayo Kenya iliiacha 2017.

Tanzania, juu kabisa iko Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979. Lakini Ibara ya 41(7) ya Katiba yake inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika yenye makao Arusha ilisema Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Malawi, Februari 2020, majaji walibatilisha uchaguzi uliofanywa Mei 2019. Duru iliyorudiwa ilimtoa madarakani aliyekuwa rais na kumleta Lazarus Chakwera. Kenya 2017, marudio yalimrudisha yuleyule.

Naweza kusoma hukumu mwenyewe, na kwa Kiswahili?

Kusoma, ndiyo: ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na kesi za urais huonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Kwa Kiswahili ni shida. Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza, ila hukumu huandikwa kwa Kiingereza, kurasa kwa mamia. Wengi tunaisikia kupitia mtangazaji anayetafsiri papo hapo huku jaji akiendelea kusoma. Ukitaka kuanza, fungua ya 20 Septemba 2017 uone sababu kamili za kubatilisha, halafu usiishie kwa walio wengi. Soma na ya Ojwang na Ndung'u.